Mzee Umtoe Vizuri

Jumatatu, 3 Juni

Nimechoka, na wiki ndiyo kwanza inaanza.

Jana tulikula kwa mama mkwe, chini ya picha ya marehemu baba mkwe iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho. Amekunja uso kama askari wa getini. Mama mkwe akasema, bila kumtazama mtu, kwamba mumewe alikuwa mtu wa kucheka, ila siku hizi akifumba macho anamwona huyu wa kitambulisho tu. Kile kicheko kinampotea. Akasema anaogopa. Mama yule haogopi kitu!

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kufungua redio. Kuifunga hakuweza. Akakumbusha kwamba upo mkanda wa video wa harusi yetu, na humo baba anacheka hadi basi. Eti ataupeleka kwa wataalamu watoe picha. Wataalamu! Nikajikuta nimesema nitaitoa mimi, tena kabla ya Jumapili. Mke wangu akanikanyaga mguu. Alichelewa.

Sababu ninayo. Tangu nioe, mama mkwe hajaniita mwanangu hata kwa bahati mbaya. Ananiita "yule". Yule ameshakula? Yule anaondoka lini? Nikimrudishia kicheko cha mumewe, tuone kama nitaendelea kuwa yule.

Jumanne, 4 Juni

Deki nimeazima kwa jirani yetu kinyozi. Televisheni ya zamani, ile yenye chogo, ilikuwa stoo. Kuibeba hadi sebuleni kumenimaliza kiuno.

Kinyozi amenishauri nifunge pazia na kuzima taa nitakapopiga kioo picha kwa simu, la sivyo kioo kitanionyesha mimi mwenyewe. Nimemshukuru. Mtu wa kunyoa anifundishe picha!

Jumatano, 5 Juni

Joto. Nimebaki na fulana ya ndani, ile yenye tundu tumboni. Taa nimewasha, vitufe vya deki nitavionaje gizani?

Kumsimamisha mtu anayecheka ni adhabu. Mkanda ukienda, anacheka vizuri kabisa. Ukisimamisha, anang'olewa jino. Nikarudisha nyuma. Sasa anapiga chafya. Nikarudisha tena. Mistari imemkata macho. Mara nikatokea mimi bwana harusi, mwembamba, uso umejaa matumaini. Nikajipitisha haraka.

Alasiri nikampata. Meno yote nje, mkono kifuani, raha tupu! Nikapiga moja. Nikarudisha nyuma nipige ya akiba, deki ikakoroma, ikautafuna mkanda. Utepe ukanitokea mikononi kama tambi. Nimekaa sakafuni, machozi yananilenga. Mke wangu akauliza kutoka jikoni kama nimemaliza. Nikamjibu kwamba kumalizika kumemalizika.

Ijumaa, 7 Juni

Jana sikuandika. Kiuno.

Picha iliyobaki duniani ni hiyo moja ya simu, na ina kasoro. Nyuma ya bega la mzee, kwenye kioo, kuna mtu wa fulana yenye tundu, mdomo wazi, simu ameiinua kama anaomba maji. Ndiyo, ni mimi.

Nimemtumia fundi wa studio. Sikuwa na nguvu ya kuandika, nikarekodi sauti: humo wapo wawili, mzee umtoe vizuri kabisa, usibakishe hata mkwaruzo, halafu uikuze uitie fremu. Huyo wa fulana sikumtaja. Mwenye macho ataona kwamba hahitajiki. Fundi akajibu kwamba hiyo kazi ndogo. Kwenye simu yangu nikaifuta, mke wangu asiione ile fulana.

Jumapili, 9 Juni

Sijui nianzie wapi.

Fremu niliichukua imeshafungwa kwa karatasi na utepe mwekundu. Sikuifungua, nisiharibu utepe. Ukoo wote ulikuwepo, Injinia amekunja mikono. Nikahutubia kidogo. Mama mkwe akafuta miwani, akafungua.

Fulana! Mimi, nimejaa fremu nzima, tundu la tumboni linaonekana hadi kwa waliokaa mlangoni. Mzee? Hata sikio hakuna. Nilisema umtoe, maana yangu amchape kwenye karatasi. Fundi akamtoa. Na kumtoa kweli amemtoa!

Mama mkwe akaigeuza fremu, akatazama nyuma yake, kana kwamba mumewe yuko huko. Kisha akatazama ukutani. Ile ya kitambulisho alikuwa ameshaishusha, umebaki msumari mtupu. Injinia alicheka hadi akapaliwa. Mama akaomba basi angalau arudishiwe mkanda. Nikasema ukweli. Injinia akaacha kucheka. Hakuna aliyenitukana, na hilo ndilo lililoniumiza.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemsubiri fundi mlangoni kwake kabla hajafungua. Ile picha ya mwanzo anayo, hajaifuta. Nimelia mbele ya wateja, liwalo na liwe.

Fundi naye amekuja juu. Anasema niliagiza mwenyewe mzee atolewe, akashangaa, lakini akajiambia kila familia ina mambo yake. Sasa hamgusi mtu tena. Atachapa wote kama walivyo. Sina nguvu ya kubishana.

Jumanne, 11 Juni

Nimeipeleka peke yangu, bila utepe. Mama mkwe ameishika muda mrefu. Akayagusa meno ya mzee kwa kidole, akasema ndiye, ndiye huyu. Akalia. Nami nikalia, kwa uchovu na kwa furaha.

Ndipo akaniona nyuma ya bega. Akamtazama mzee, akanitazama mimi, akarudi kwa mzee. Akaanza kucheka, mkono kifuani, vilevile kama mumewe. Akasema miaka yote alijiuliza siku ile mzee alikuwa anacheka nini. Kumbe alikuwa anamcheka yule.

Imetundikwa kwenye ule msumari. Bado mimi ni yule. Lakini niko ukutani, na Injinia hayupo!

Jumatano, 12 Juni

Shangazi wa mke wangu amesikia habari. Ana mkanda wa mahafali ya binti yake, mmoja tu, hana nakala. Nimemwambia alete, ukiingia mikononi mwangu umefika.

Kinyozi ametengeneza deki, kaniazima tena. Amenisisitizia nifunge pazia na kuzima taa. Mtu huyu hachoki? Taa siizimi. Koti nimeshalipiga pasi.