Mama Yangu na Basi la Bure la Kasino

Mtaa wa Iao Hon, Makau

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wenzako wote wa chumba cha habari. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, hasa ukurasa wa hali ya hewa. Naitwa Kuok Chi Seng, mtunza bustani wa serikali, na maua ya njano ya pale karibu na Lango la Mpaka ni kazi yangu. Yale yaliyokauka pia ni kazi yangu.

Nakuandikia kumshtaki mama yangu mzazi.

Mama, Bi Leong Sao Kun, ana miaka sabini na sita, na hajawahi kuharibu kitu isipokuwa malezi yangu. Kama wazee wengi wa huku, husafiri kwa mabasi ya bure ya kasino. Hilo si kosa. Hata mimi nikienda kwa daktari wa meno hupanda basi la kasino, nikashuka mlangoni pao, nikakata kona. Wageni kutoka China bara wanapanda na mabegi yao, sisi tunapanda na vitunguu vyetu, na kila mtu anatazama dirishani. Tatizo ni kwamba Mama haangalii dirishani.

Hukaa kando ya mgeni kwenye lile basi la bluu na kumuuliza, "Umekula?" Hakuna aliyekula kwenye basi lile. Kisha anamuuliza, "Mama yako anajua uko hapa?" Basi likifika, mgeni ameshamwonyesha picha za watoto. Mama anampeleka kwa Cheang, nyuma ya soko la samaki, wanakula uji mzito wa mchele, na jioni mtu huyo anavuka mpaka kurudi kwao na boksi la biskuti za lozi na fedha zake zote mfukoni.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kodi. Serikali yetu inaishi kwa meza za kamari. Usinitake tarakimu, mimi ni mtu wa mbolea. Lakini hiyo mbolea yenyewe, mpira wa maji, mshahara wangu na dawa ya goti la Mama vyote vinatoka mezani. Hata ile hundi ambayo serikali hutugawia wakazi kila mwaka, ambayo Mama huingojea kama anayengoja mkwe, inatoka huko huko. Kila mgeni anayekula uji ni ua langu moja linalokufa.

2. Dharau kwa mchezo. Wacheza bakara, ule mchezo wa karata unaopendwa huku, huikunja karata polepole wakiipuliza, ili nukta wasizozitaka ziruke. Ni jambo zito. Nimeambiwa hata maprofesa hupuliza. Mama anawaambia, "Ukitaka kupuliza kitu, njoo upulize uji. Uji ukiupuliza unapoa. Karata uliwahi kuona ikapoa?" Sasa uchumi utajengwaje kwa maneno kama haya?

3. Majirani. Katika jengo letu, Bi Sio anapiga pasi vizibao vya wagawa karata. Bwana Fong ndiye dereva wa basi lenyewe, na anasema siku hizi anabeba watu kwenda kula uji. Nilitafuta mtu mmoja ambaye riziki yake haipitii kasino. Nikampata kinyozi, nikafurahi, mpaka akaniambia wateja wake ni wawili tu: aliyeshinda, na anayetaka kubadilisha bahati.

4. Binti yangu, Weng Ian. Hili ndilo linaloniuma. Ana miaka ishirini na mitatu na ni mgawa karata, kazi ambayo sheria imetuwekea wakazi peke yetu, na mshahara wake unaucheka wangu. Sasa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Taipei, na karo inatakiwa kabla mwezi huu haujaisha. Bibi yake amemwambia, "Mjukuu wangu, vidole hivyo ni vya kumpima mtu homa." Tayari ameandika barua ya kuacha kazi. Nilipomuuliza sababu, alijibu, "Baba, kila siku nawanyang'anya watu kwa adabu. Adabu yenyewe imenichosha."

Nilimweleza kwa upole. Wasichana wakienda kupima homa, nani atagawa karata? Zisipogawiwa, nani atashindwa? Asiposhindwa mtu, nani atamwagilia maua? Nikamwambia pia kwamba karo hatuna, na hilo lilikuwa kweli. Alichukua bakuli langu akaliosha.

Kwa hiyo naomba wakubwa wafanye moja kati ya haya: Mama akatazwe kupanda basi, au kila mgeni alishwe mpakani kabla ya kupanda, maana nimeona nguvu za Mama ni kwa wenye njaa tu, au apelekwe nchi jirani, akaongee na wateja wa kasino zao hadi achoke. Barua ya Weng Ian nayo ikataliwe. Najua serikali inasema tutafute shughuli nyingine mbali na kamari. Ndugu Mhariri, Mama ndiye hiyo shughuli nyingine, na umeona hasara yake.

Nisalimie wachapaji, wauza magazeti, na yule anayeandika hali ya hewa, ingawa Jumanne alinidanganya.

Ni mimi, mtetezi wa kasino ambazo sheria hainiruhusu kuingia, kwa kuwa sisi watumishi wa serikali tumeachiwa siku tatu za kwanza za mwaka mpya wa Kichina tu,

Kuok Chi Seng

Nyongeza: Barua hii ilikaa mfukoni sikukuu nzima. Siku ya pili ya mwaka mpya nilivaa koti la shemeji, kofia na barakoa, nikatia bonasi yangu mfuko wa ndani, nikapanda lile basi. Bonasi ilikuwa nusu ya karo ya Weng Ian. Nilihitaji meza moja yenye huruma. Mtu mwenye vitunguu akakaa kando yangu.

"Umekula?"

Nikaishusha kofia hadi machoni.

"Mama yako anajua uko hapa?"

Nikasema, "Sasa anajua."

Tulikwenda kwa Cheang, tukapuliza. Nusu ya pili ya karo Mama alikuwa nayo: zile hundi za serikali, ambazo miaka yote nilidhani anazila. Weng Ian anasafiri Jumapili, na kasino ndiyo iliyolipa, hivyo lalamiko la kwanza sijui nilifanyie nini.

Tafadhali usiichape barua hii. Au kama una nafasi tupu, chapa, ila ondoa rangi ya basi, wakubwa wasije wakalitambua. Bado wageni wanapanda pale kila asubuhi, na wengi wao hawajala.