Kata ya Kwanza Nirudishiwe, Waadhibiwe Walinzi wa Ini

Kwa Mwenyekiti wa Ukoo,

Kaka Romanus, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Sekei nikiwa mzima, ila nina hasira. Kikao cha ukoo kimeninyang'anya kata ya kwanza ya mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye posa ya binti yangu Catherine, kisa ini langu linaumwa. Eti mdogo wetu Ephraimu ndiye aonje mbele ya wakwe! Yule anayekunja uso kama kanywa dawa ya minyoo! Imeniuma, kaka. Binti ninaye mmoja tu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mnaisingizia mbege. Daktari mwenyewe kanieleza kwamba ini lina walinzi wake, chembe za kinga. Pombe ikizidi, utumbo unavuja, vijidudu vinapenya hadi kwenye ini, walinzi wanashtuka na kuita wenzao waliomo kwenye damu. Wakifika, wanalishambulia ini lenyewe mpaka linajaa makovu. Sasa mlinzi wa kule Elerai akimwona mgeni getini, akaita wenzake wakabomoa nyumba ya bosi, anafukuzwa nani? Mgeni?

2. Walinzi hao wamezaliwa ndani ya damu yangu, yaani ni watu wa ukoo wetu. Mbona hawakuitwa kikaoni? Nadai wapigwe faini ya mbuzi. Kwa kuwa hawana zizi, mbuzi atoke kwangu, aletwe kwangu, nami nitamla kwa niaba ya pande zote.

3. Ushahidi ninao. Tangu Pasaka nakunywa mbege ya mke wangu Evaresta kila jioni. Naimba, nayumba, nagombana na kuku. Juzi nimepimwa tena: walinzi wametulia, ini linapona, daktari kanipa mkono. Kama hiyo mbege si dawa, ni nini?

Naomba kata yangu irudi, na Ephraimu apangiwe kazi ya viti.

Msalimie shemeji, watoto, na yule ng'ombe wako aliyenipiga teke.

Mdogo wako aliyeonewa,
Ludovick

N.B. Evaresta kaisoma barua kabla sijaifunga, akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe tangu Pasaka ananipa togwa, kinywaji kisicholevya hata mtoto! Mimi nilidhani ndizi za mwaka huu ni tamu tu. Nikanuna, nikamuuliza kwa nini kanifanyia hivyo. Akasema anataka niwepo kumpeleka Catherine kanisani. Kaka, nimelia. Kata ya kwanza bado naidai, ila aijaze Evaresta mwenyewe. Kuyumba nitayumba, nimeshazoea.