Mkalimani wa Mgeni wa Bolivia

Borafya alinunua njugu Darajani, na kabla hajamaliza kuzitafuna alikuwa ameshapata nchi nzima. Karatasi iliyofungia zile njugu ilitoka kwenye gazeti la Kizungu la wasafiri, na ilijaa vioja vya Bolivia: makaburi ya magarimoshi jangwani, soko la wanawake wenye kofia za kiume wanaouza hirizi za kujengea nyumba, wanamaji wa serikali katika nchi isiyo na bahari. Na picha moja ilimfanya aache kutafuna: uwanda wa chumvi, mweupe pe, hauna mwisho wala mwenyewe.

Chumvi! Moyo ulimwenda mbio, maana Mzee Shaame, babaake Kazija, alikuwa muuza chumvi.

Mambo ya Kazija tuyaseme mapema, tusije tukafichana. Borafya alimpenda mtoto wa watu mpaka usingizi ukamhama. Alishapeleka posa, na Mzee Shaame akamjibu mbele za watu kwamba binti yake haolewi na mtu ambaye kazi yake ni mdomo. Lakini mzee yule, Mungu amsamehe, alipenda mno cha bure. Borafya akapiga hesabu zake: mimi nikiwa ndiyo njia ya chumvi ya bure, ataniita mkwe mwenyewe.

Akamtafuta Silima, mchoma chokaa wa Kendwa ambaye mjini hakuna aliyemjua. Akamvika kofia ya duara na blanketi la mistari, kisha akampa masharti.

"Wewe Kiswahili hukijui. Bwabwaja utakavyo, mimi ntafasiri."

"Na mimi napata nini?"

"Utakula."

Mwaka ule wa sabini mchele ulikuwa wa foleni. Silima hakuuliza tena.

Jioni wakatokea Jang'ombe, kwenye baraza la Mzee Shaame.

"Shikamoo, Mzee. Huyu Bwana Domingo, katoka Bolivia."

"Marahaba. Bolivia ndo wapi huko?"

Silima akabwabwaja, Borafya akafasiri. Makaburi ya magarimoshi yakapita. Soko la hirizi likapita bila taabu. Borafya akaongeza mbuzi wanaopiga mluzi, wa kujizulia mwenyewe, nao wakapita. Ilipofika zamu ya chumvi, jambo la kweli tupu, baraza zima likaangua kicheko.

"Chumvi bila bahari?" akasema Mzee Shaame. "Mwongo mkubwa huyo! Inatoka wapi, mbinguni?"

"Mzee, mwaka jana watu wamekanyaga mwezi, na hukubisha. Leo unabisha chumvi?"

Mzee Shaame akajikuna kidevu.

"Na mwenyewe nani, hiyo chumvi?"

"Haina mwenyewe. Anachota anayetaka, mradi ajuane na mwenyeji."

Kwisha habari yake. Kuanzia siku ile mgeni akawa anakula kwa Mzee Shaame, biriani na kuku wa kupaka, bila kuambiwa karibu mara ya pili. Mgeni anakula, mkalimani anafasiri. Borafya akinyoosha mkono kwenye sinia tu, mtu anauliza habari za mbuzi. Ndugu yangu, ukitaka kufa na njaa mbele ya biriani, shika ukalimani.

Masinia alikuwa akiyaleta Kazija. Siku moja akamsikia mgeni akinong'ona bismillahi, kisha, "Mchuzi wa leo umekolea, dada." Kazija hakupiga kelele. Aliingia ndani akacheka mpaka akakaa chini, na kesho yake mgeni akakuta paja la kuku limefichwa chini ya wali wake.

Ijumaa, baada ya sala, Mzee Shaame akaita majirani na Sheikh Bakar. Borafya alikuja na kanzu iliyopigwa pasi, kajipaka mafuta mazuri, anajua leo ndo leo.

"Borafya, mwanangu."

"Naam, Mzee!"

"Muulize mgeni kama ana mke. Nimefikiri sana. Kwa nini nimpe binti mkalimani, na mwenye nchi yupo? Kazija nshamuuliza, karidhika."

Nyuma ya pazia mtu akajibana asicheke. Borafya hata mgeni hakumuuliza.

"Anasema... anasema dini yake si yetu, Mzee."

Silima hakungoja kufasiriwa. Alivua kofia akatoa shahada, kila herufi mahali pake. Baraza likalipuka kwa takbira. Watu wakamkumbatia, wengine machozi yakiwatoka, na Sheikh Bakar akasema hajapata kumsikia mgeni mwenye ulimi mwepesi kama huyu.

Borafya akamvuta pembeni. "Una wazimu? Ntakutaja!"

"Nitaje," Silima akanong'ona. "Sema huyu wa Kendwa. Halafu watakuuliza nani kamleta."

Borafya akamtazama Mzee Shaame, akaitazama na bakora yake. Uchungu ulimpanda, uchungu wa kweli, na hakuna aliyemwonea huruma kwa sababu wote walidhani anaona raha.

Sheikh akamshika mgeni mkono. "Nimekuoza Kazija binti Shaame, kwa mahari ya msahafu mmoja. Umekubali?"

Silima akabwabwaja taratibu, kwa adabu zote. Watu wote wakamgeukia Borafya.

"Anasemaje?"

"Amekubali," akasema Borafya, sauti haitoki.

"Ndoa haifungwi hivyo, kijana," akasema Sheikh Bakar. "Yatamke maneno yake kama alivyoyatamka, na kwa sauti. Na mwenyewe aitikie kwa kichwa."

Borafya akafumba macho. "Nimekubali kumuoa Kazija binti Shaame," akasema, maneno aliyokuwa akiyafanyia mazoezi peke yake siku nyingi. Silima akaitikia kwa kichwa, na vigelegele vikapasuka ndani.