Kidole Gumba Kipya cha Zadock Odero

Hurlingham, Nairobi
Jumatano, 21 Agosti 1957

Kwa Bwana Mkubwa wa Ofisi ya Alama za Vidole, katikati ya mji

Bwana Mkubwa mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kila kiungo chako kikiwa bado kimevaa ngozi uliyozaliwa nayo, maana mwezi huu nimejifunza kwamba bila hivyo mtu hahudumiwi.

Mimi ni Philister, mke wa Zadock Odero, fundi seremala. Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Julai, kwa hiyo leo nina wiki sita na siku nne za kuitwa mke, na bado nikiitwa hivyo nageuka kutazama kama ni mwingine anayeitwa. Nasema haya mapema ili usidhani unaandikiwa na mtu mwenye uchungu. Naandika nikiwa na furaha tele. Ni furaha hiyo hiyo ambayo ofisi yako imeamua kuipandisha gari moshi la Kisumu.

Mambo yenyewe ni haya. Mwezi wa Machi mwaka jana, mashine ya randa katika karakana anakofanya kazi mume wangu ilimvuta mkono wa kulia. Ilichukua nyama yote ya mbele ya kidole gumba, na ikakata kano za kidole cha shahada. Daktari mmoja wa upasuaji akautengeneza mkono huo. Sasa tajiri wake yuko tayari kumpa chumba cha wafanyakazi wenye wake, huko Westlands, mradi alete kipande kipya, kile cheti cha utambulisho chenye alama ya kidole. Nayo ofisi yako haitoi kipande kipya mpaka alama ya kidole ifanane na ile iliyochukuliwa kwao Nyanza mwaka 1951. Kwa sasa tunakaa kwa hisani katika chumba cha shangazi yake Ajwang, ambaye ni yaya katika nyumba moja hapa Hurlingham, na bibi mwenye nyumba ameniruhusu kuwa mgeni hadi Jumamosi tarehe 31, si siku zaidi. Bila kipande hakuna chumba, na bila chumba mimi narudi kwa mama yangu na sanduku la harusi ambalo sijalifungua hata nusu.

Tumefika ofisini kwako mara tatu, na mara tatu tumerudishwa. Kwa kuwa ofisi ya serikali haiwezi kukosea, nimefikiri sana na kuona kwamba mkosaji ni daktari. Haya ndiyo malalamiko yangu juu yake, nimeyapanga kwa namba kama nilivyofundishwa shuleni.

1. Kwamba daktari alitengeneza kidole akasahau kukitia mistari. Karani wako, Bwana Hemed, mzee wa Mombasa mwenye adabu nyingi, ambaye alituambia amehamishiwa meza hii mwezi huu huu kutoka kwenye leseni za mbwa, alikipaka wino kidole cha mume wangu, akakibingirisha juu ya karatasi, akaitazama alama kwa kioo cha kukuzia. "Mwanangu," akaniambia mimi, si mwenye kidole, "hapa hapana mtu." Safari ya pili alisema ameona kiazi kilichomenywa. Safari ya tatu alikiweka kioo chini. Alimpa Zadock kitambaa cha kufutia wino na kunipa mimi fomu moja tupu niende nayo nyumbani, kama mtu anavyompa mfiwa kitu cha kushika. Simlaumu hata kidogo. Lakini daktari aliyesoma miaka yote ile ng'ambo, angepungukiwa na nini kama angechora miduara mitatu minne kwa wino usiofutika kabla ya kumruhusu mgonjwa aende zake?

2. Kwamba sijui nimeolewa na nani. Mchungaji alimtambua Zadock madhabahuni. Mama yake alimtambua kwa kikohozi, kabla hajamwona uso. Mbwa wa hapa Hurlingham, ambaye hampendi mtu yeyote isipokuwa mpishi, naye anamtambua. Ofisi yako peke yake ndiyo iliyogundua kwamba si yeye. Nilipomweleza Shangazi Ajwang alicheka mpaka akatafuta mahali pa kuketi. "Bibi harusi," akasema, "kwani hukumkagua vidole kabla ya kusema ndiyo?" Nilimjibu kweli tupu: nilivikagua, vyote kumi, na kile kipya nilikikagua kuliko vingine.

3. Kwamba upasuaji ulifaulu kupita kiasi. Hili ni lalamiko refu, uniwie radhi. Daktari alikata kipande cha ngozi ya tumbo, upande mmoja akauacha umeshikana na tumbo, akaushona mwingine kwenye kidole. Mkono ukakaa hapo wiki tatu, mpaka ngozi ilipokubali kuhama. Nilimwona kwa mara ya kwanza akiwa hivyo, amelala kitandani na mkono tumboni kama mtu anayecheka jambo lake mwenyewe. Nilikuwa nakuja wodini Jumapili baada ya ibada pamoja na akina mama wa kanisa kuwaandikia wagonjwa barua. Wengine walitaka niwaandikie ndugu zao kwamba wanaumwa. Yeye alitaka nimwandikie mama yake kwamba amenenepa. Nikaandika uongo ule kwa mkono wangu mwenyewe na moyo wangu haukurudi tena mahali pake.

Baadaye kano zikaungwa. Kisha miezi minne ya mazoezi: kuokota maharagwe bakulini moja moja, kufinya donge la nta, kufunga na kufungua vifungo vya shati kuukuu alilotundikiwa ukutani. Siku ya kwanza aliokota maharagwe mawili na jasho likamtoka. Siku ya mwisho aliyahesabia wagonjwa wenzake kama muuza duka. Na barua ya kwanza aliyoandika kwa kidole hicho aliniandikia mimi, niliyekuwa karani wake. Ilikuwa na mistari minne, na herufi zake zilikuwa zimelala zote upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo. Sitakuambia ilisema nini, Bwana Mkubwa, ila ndiyo sababu ninaitwa mke.

Leo anashika patasi. Anashika kalamu. Ananitungia uzi kwenye sindano huku mimi mwenye vidole vya Mungu nimeshindwa. Haya yote ni makosa ya daktari, kwa sababu kama mkono ungeharibika jinsi mikono ya watu wengine inavyoharibiwa na mashine hiyo, asingerudi kazini, tajiri asingempa chumba, na sisi tusingekusumbua.

Nisimpendelee daktari, kasoro zipo. Kidole cha shahada hakifiki kiganjani. Hubaki nafasi ya kupita harage moja. Kidole gumba hakijui tofauti ya hariri na gunia. Baridi ya Julai hukifanya rangi ya zambarau, na lazima nikiweke katikati ya viganja vyangu mpaka kipate joto. Daktari amesema hiyo ndiyo dawa, nami siruki hata siku moja. Kimeota nywele tatu. Tena, kwa kuwa ngozi yake ni ya tumbo, tumbo likinenepa nacho hunenepa. Tangu harusi nampikia mume wangu kwa mapenzi yote niliyo nayo, na matokeo yake nalisha kidole.

4. Kwamba daktari hakuamua kukikata tu kidole. Katika fomu yako kuna kisanduku cha mtu asiye na kidole gumba. Bwana Hemed alinionyesha kwa huruma. "Angekuwa amekatwa kabisa, mwanangu, ningetia alama hapa, saa hizi mngekuwa kwenu mnakunywa chai." Nampongeza aliyebuni kisanduku hicho. Mtu aliyepoteza kidole anapata kipande kabla chai haijapoa. Aliyelazwa mara tatu, akashonwa, akashonolewa, akaokota maharagwe miezi minne ili asikipoteze, huyo hayumo. Nashauri pawekwe tangazo kwenye milango ya hospitali zote, ili wagonjwa wachague mapema kati ya kidole na makazi.

5. Kwamba kama ngozi ni ya tumbo, basi tumbo ndilo lisajiliwe. Sisemi kwa mzaha. Chini ya mbavu zake za kushoto pana kovu mahali ngozi ilipotoka. Ukikiweka kidole gumba juu ya kovu hilo, vinaoana kama kifuniko na sufuria yake. Hakuna mtu mwingine Nairobi nzima anayeweza kufanya hivyo. Alama za kawaida kila mtu anazo. Niko tayari kumleta aifanye kazi hiyo mbele ya meza ya Bwana Hemed. Naomba mambo mawili tu: kwamba mimi mkewe niwepo, na kwamba wanawake walio kwenye foleni waombwe kutazama ukutani. Ni tumbo zuri na mimi ni mgeni wa ndoa.

6. Kwamba kama tumbo nalo halifai, basi kidole changu kinafaa. Mchungaji alisema mbele ya kanisa lililojaa kwamba sisi si wawili tena, tu mwili mmoja, na hakuna aliyenyoosha mkono kupinga, wala ofisi yako haikutuma mtu. Mwili mmoja hauwezi kuwa na vidole gumba vinne vya watu wawili. Vyangu ni vyake. Vina mistari mingi, vimekauka vizuri, na naweza kuvileta siku yoyote isipokuwa Jumapili.

7. Kwamba kama yote hayo yamekataliwa, nipewe barua. Iandikwe kwa mhuri kwamba Zadock Odero, fundi seremala, hayupo. Nitaichukua niende nayo kwetu, nimwonyeshe mama. Zadock naye atabaki na nakala, ili askari wakimsimamisha barabarani kumwuliza kipande awaonyeshe kwamba hawajamsimamisha mtu. Usiku atalala katika chumba cha Westlands, maana asiyekuwepo hajazi chumba. Ila mimi nipo, Bwana Mkubwa. Nipo sana. Na sitaki kuwepo Nyanza huku yeye hayupo Nairobi.

Sina zaidi. Nimeandika kwa upole kwa sababu Zadock yuko hapa mlangoni anatengeneza mguu wa stuli ya shangazi yake, na kila mara anainua macho kuona kama bado naandika, na mtu anayetazamwa hivyo hawezi kukasirika sawasawa.

Nisalimie Bwana Hemed na miwani yake. Nisalimie bawabu wako, ambaye safari ya tatu alitufungulia mlango kabla hatujafika. Nisalimie bibi mpiga taipu anayepiga kwa vidole viwili ilhali amejaliwa kumi. Wasalimie nyumbani kwako, mkubwa kwa mdogo, na vidole vyao.

Ni mimi, ninayetii na kungoja,
Bi. Philister, mke wa Zadock Odero (asiyekuwepo)

Nyongeza baada ya sahihi. Westlands, Ijumaa, 23 Agosti.

Kabla ya kuifunga barua nilitaka kunakili maneno kamili ya fomu yako kwa ajili ya lalamiko la nne, nikaigeuza ile fomu aliyonipa Bwana Hemed. Nyuma kuna maelezo kwa Kiingereza, herufi ndogo kama chawa. Yanasema kwamba alama inayotakiwa ni ya kidole gumba cha mkono wa kushoto. Cha kulia huchukuliwa tu ikiwa cha kushoto hakipo.

Nilimwuliza Zadock kwa nini mara zote tatu alitoa mkono wa kulia. Alinitazama kama nimemtukana. "Philister, nimpe mzee wa watu mkono wa kushoto?"

Jana asubuhi tulikwenda kwa Bwana Hemed na fomu. Alivua miwani, akanitaka nimsomee nyuma mara mbili. "Nami, mwanangu," akasema, "ningewezaje kumwomba kijana wa watu mkono wa kushoto, mbele ya mkewe?" Mbwa wa meza yake ya zamani, alisema, hawana shida hiyo. Mwaka 1951, tumekuja kufahamu, karani wa kwao alikuwa kijana asiyelelewa vizuri. Alimkamata mkono wa kushoto bila kuuliza, na ndiyo maana serikali inamjua. Bwana Hemed akafumba jicho moja, akapaka wino, akatazama kwa kioo chake. "Ndiye," akasema, akaketi kitini kwa nguvu kama aliyeshusha mzigo.

Kwa hiyo, Bwana Mkubwa, tafadhali futa malalamiko yangu yote. La tatu usilifute. Likate kwa mkasi ulipeleke kwa daktari, aone kwamba mkono wake unafanya kazi. Tumehamia leo. Mkono wa kushoto ndio uliotupatia kipande. Mlangoni nilimpa Zadock ufunguo, akauzungusha kwa ule wa kulia.