Mihogo Isiyoonjwa

Jumatatu, 11 Agosti 2014, Kasulu

Nimetajirika! Bado kukauka tu. Dereva wa gari la kunyonya vyoo kanimwagia tope lote nyuma ya nyumba, bure, na kashukuru yeye. Jua hili la Agosti likishalikausha nalisaga, natia kwenye viroba, nawauzia wakulima wa maharage. Mbolea safi! Harufu? Ipo kidogo. Inzi wamekuja wa wilaya nzima.

Jumatano, 13 Agosti

Mwalimu Elieth, jirani yangu, hawezi kula. Kaja kajifunga kitenge puani, kauliza nimefuga nini kilichokufa. Nikamwambia ni mihogo, niliiloweka, sasa naianika. Mtu wa Moshi yule, mihogo ya kuloweka ataijulia wapi! Akaniomba radhi, eti hakutaka kudharau chakula cha wenyeji. Masikini, nilikaribia kumwonea huruma. Asije akachungulia, nimefunika tope kwa turubai kuukuu, na juu yake nimeanika mihogo ya kweli.

Ijumaa, 15 Agosti

Yarabi! Baba mdogo Gharibu, mshenga wangu, kapiga simu. Bi Kuruthumu, mama yake Faudhia, anakuja kesho kutoka Kibondo kuona ninavyoishi, ndipo atoe jibu la posa. Faudhia wangu! Namtaka kuliko mbolea yote ya Kigoma. Tope nitalihamishia wapi leo hii? Nimenunua udi, nimechoma wote. Sasa pananuka kama choo kinachoolewa.

Jumamosi, 16 Agosti

Kaja, baba mdogo ndiye kamleta. Kakaa. Soda kaionja tu, uso kaukunja. Nikawahi kusema: ni mihogo hiyo, mama, iko nyuma. Kosa! Mama wa huku ukimtajia mihogo inayoanikwa, lazima aende kuishika. Kainuka, kaokota kipande, kakivunja aone weupe wake, kakipeleka mdomoni. Na lile turubai lina matundu! Nikinyamaza, Faudhia ni wangu. Nikisema, kwaheri Faudhia. Nikapiga ukelele: mama, usile, chini yake kuna mavi!

Baba mdogo kainama kutazama viatu vyake. Mara Bi Kuruthumu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta. Alhamdulillahi, akasema, kumbe ni mavi! Alikuwa ameshaamua kukataa, maana alidhani harufu ile ni ya mwili wangu. Posa imekubaliwa, mradi tope liondoke. Nimelia mbele za watu na sioni haya. Moyo umetua, jamani!

Jumatatu, 18 Agosti

Tope limeondoka! Rafiki yangu Leonidasi alikuwa na lori tupu la kwenda Kibondo, kanibebea. Elieth kapika pilau kwa furaha, kaniletea sahani. Huko Kibondo nimepata kiwanja kizuri, jua tele. Kumbe kiko nyuma tu ya nyumba ya Bi Kuruthumu, upande unakotoka upepo. Na harusi ni hapo hapo uani kwake. Si neno. Wageni wakiuliza, nitasema naanika kahawa.