Randa ya Dubai Ilivyonipandisha Juu ya Mbao

Mie hakuna kitu cha kunishtua. Niliingia mjini hapa na msumeno mmoja na kaptula mbili, leo nina karakana yangu Tabata, bati juu, umeme ndani. Nimeona mafuriko, nimeona matapeli, nimeona hata mteja anayelipa kabla hajadaiwa. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najigamba mpaka leo saa nane mchana.

Leo nimeadhirika, jamani. Kaeni niwaeleze, ila mcheke kidogokidogo.

Randa yangu ya umeme mnaijua. (Kama huijui, basi hujapita Tabata, maana kila anayepita namwita aione.) Imetoka Dubai, nimeinunua Kariakoo, wiki ya tatu hii. Ilikuja na kitabu chake. Ndani kuna picha za mikono iliyopigwa alama ya msalaba, na maandishi ambayo hata aliyeniuzia hakuyajua. Nikampa mama watoto afungie maandazi. Fundi mzima nifundishwe na karatasi?

Sasa, randa hii ina kidude pembeni. Ukibonyeza swichi, halafu ukasukuma kile kidude, swichi inanata hapohapo. Kidole kinapumzika, mashine inanguruma yenyewe. Nakipenda kidude kile kuliko mashine yote!

Leo nilikuwa na mgeni mkubwa. Mama Rehema, muuza vitenge, anajenga nyumba Kimara, na si nyumba ya kusimulia kwa pumzi moja. Aliniagiza mlango wa mbele peke yake, wa mninga, kunipima. Ukimpendeza, milango yote na madirisha yote ni yangu. Usipompendeza, kazi inakwenda kwa fundi mmoja wa Kiwalani (simsemi vibaya, ila milango yake hujifungua yenyewe usiku). Mlango wangu ulikuwa tayari, umelala mezani, unang'aa mpaka unaona meno yako.

Mchana nikawa napiga randa ubao mwingine, kidude nimekisukuma, nimestarehe. Pu! Umeme ukakatika. Mgao. Nikaiweka randa mezani, nikalaani kidogo. Nikaona mdomo wake umeziba maranda. Nikachomeka kidole kuyakwangua.

Jirani yangu Maganga, fundi baiskeli, alikuwa mlangoni ananitazama. Maganga Mnyamwezi, mie Mzaramo, watani wa tangu mababu. Ananitukana atakavyo na kununa hakuruhusiwi.

"We Mzaramo, chomoa waya kwanza."

"Nichomoe nini, na umeme wenyewe haupo?"

"Utarudi."

"Jioni. Ratiba ninayo kichwani."

"Na umeme nao unayo hiyo ratiba?"

Nikamwambia arudi kwenye pancha zake. Nikakwangua maranda yote, nikapuliza, nikakipitisha kidole kwenye kisu kuhakikisha kimesafika. (Hapo msicheke. Hapo mnyamaze kabisa.)

Mama Rehema akaingia, miwani kichwani, mkoba kwapani.

"Habari za kazi, fundi?"

"Safi, mama! Karibu uone mambo ya kisasa."

Akautazama mlango. Akaupapasa. Akainama akauchungulia kwa jicho moja kama anatafuta mchwa. Akasema, "Mmh." Jamani, "mmh" ya Mama Rehema ni nzuri, nimeshaulizia. Mtu mwenye akili angenyamaza hapo, achukue kazi yake. Mie nikaenda kuchukua randa.

"Siri ya ulaini huo ni hii, mama. Ishike."

"Ikiniuma je?"

"Itaumaje na mie ndiye bwana wake? Inanisikia kama mbwa."

Akaishika, akasema ni nzito kama mtoto anayenyonya, akanirudishia. Mie nikailaza juu ya mlango, mlango wenyewe ule wa mninga, nikaitelezesha taratibu nimwonyeshe inavyopita. Halafu nikaiacha hapohapo, imelala kifudifudi katikati ya mlango, ipendeze. Nikaagiza soda dukani kwa jirani. Tukakaa. Nikaanza kumweleza nilivyoanza maisha na kaptula mbili.

Nilikuwa nimefika kwenye kaptula ya pili.

Redio ya saluni ikapiga kelele. Watoto wa mtaa mzima wakapaza sauti: "Umemeee!"

Na mlango wangu ukalia.

Wallahi sijasikia mbao ikilia vile! Randa, kidude chake bado kimesukumwa, iliruka, ikauma, ikaanza kurudi kinyumenyume, inakuja upande wangu, inachimba mfereji kwenye mninga kama trekta la shamba la mkonge. Maranda yanaruka mpaka kwenye soda. Ikafika ukingoni, ikaanguka chini, lakini waya ulikuwa mrefu. (Ndiyo, niliununua mrefu kwa sifa.) Ikawa inajirusha sakafuni, inatupa mchanga, inageuka huku, inageuka kule, kila ikigeuka naona inanitafuta mie.

Nilichofanya sikukipanga. Nilijikuta juu ya rundo la mbao, kichwa kinagusa bati, nimekumbatia nguzo. Na napiga kelele. Maneno yenyewe Maganga ameyahifadhi, anawasimulia wateja wake. Nasikia nilisema, "Mama, nisaidie!"

Mama Rehema akaweka soda chini. Akainuka, akakunja khanga, akauzunguka ule mnyama kwa mbali, akaenda ukutani. Akachomoa plagi. Kwa vidole viwili tu, jamani, kama anachomoa mwiba.

Kisu kikaendelea kuzunguka kidogo, kikatulia.

"Shuka, fundi," akasema. "Mbwa wako amelala."

Nje watu walikuwa wamejaa. Maganga akaingia na tambara lake la grisi, akaufunika mlango, akapiga magoti, akaangua kilio: "Mlango weee! Umekufa kijana! Hata mwizi mmoja hujamzuia!" Akajilaza mbele ya meza, akatangaza, kama watani wafanyavyo msibani, kuwa maiti haitoki mpaka mtani alipwe ada yake. Watu wakaitikia! Mama Rehema naye, machozi yanamtoka kwa kicheko, akasema ada ni haki.

Mie nikamsogelea. Moyo ulikuwa kwenye yale madirisha.

"Mama, kazi ndiyo imekwenda Kiwalani?"

Akafuta macho. "Nionyeshe mikono."

Nikaitoa kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Akavishika vidole kimoja kimoja, akarudia tena.

"Vimekamilika," akasema. "Nakupa kazi zote. Ila mlango huu unautengeneza upya kwa mfuko wako, na siku nitakayopita hapa nikakuta plagi ipo ukutani na wewe unakwangua maranda, nayahamishia Kiwalani madirisha yangu yote."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Maganga pale chini akasema, "Amina."

Basi hivyo, jamani, na msinicheke sana. Mninga mpya, jozi ya visu vipya kwa sababu vile vimekula sakafu, ada ya mtani, na soda za wafiwa wote waliodai wametoka mbali: shilingi laki tatu, elfu ishirini na moja, mia tatu na hamsini.