Supu ya Ijumaa Ndani ya Nyambizi

Jumanne, 7 Novemba

Habari njema: Raivo, mmoja wa wazee wa Ijumaa, kawekewa nyonga ya bandia. Sina ubaya naye. Ila nyonga mpya na ngazi ya nyambizi haziivi chungu kimoja, na Asta wa dirisha la tiketi kaniambia mzee harudi tena. Maana yake meza ya Ijumaa ina nafasi!

Niandike taratibu, kichwa kinakimbia. Nyambizi yetu ya vita imepandishwa nchi kavu hapa bandarini Tallinn, ndani ya ukumbi wa makumbusho. Kila Ijumaa, saa ya kufunga milango ikikaribia, wazee wa kujitolea wanashuka tumboni mwake na kusugua shaba. Kisha wanabanana kwenye kimeza cha maofisa na kunywa supu ya njegere. Hawazungumzi. Wanakunywa tu, magoti yamegusana. Nimewatazama hivyo tangu kiangazi, mimi nikiwa upande wa pili wa kamba ya wageni.

Nimekwenda Helsinki kuona nyambizi ya kwao. Nimekwenda Ujerumani kuona ile iliyolazwa ufukweni mchangani. Nzuri zote. Zote nimezizunguka peke yangu.

Adui: Vambola, fundi saa mstaafu, masharubu kama brashi ya viatu. Naye anakitaka kiti cha Raivo, hushinda humu wiki nzima akijifanya mtazamaji wa kawaida. Mnafiki! Nimemjulia wapi? Mimi pia hushinda humu.

Jumatano, 8 Novemba

Mpango: nionekane mjuzi. Nimejiweka jikoni mwa nyambizi. Endel, mkuu wa wazee, aliyekuwa fundi mitambo wa meli, alikuwa hatua chache akibadilisha balbu. Wakaingia watalii wawili Wafini. Nikapaza sauti. Nikawaeleza kwamba lile duara la chuma lililotundikwa ukutani ni kifaa cha kusikilizia meli za adui. Mmoja akalitegea sikio.

Nyuma yangu masharubu yakasema, "Bwana Heldur, hicho si kikaango?"

Kilikuwa kikaango. Yule Mfini aliendelea kutega sikio, kwa adabu tu. Endel hakucheka. Endel hacheki. Alikaza balbu yake akaenda.

Alhamisi, 9 Novemba

Mkesha wa Mtakatifu Martin. Nimenunua peremende za maziwa kwa ajili ya watoto wenye vinyago, wanaoimbia peremende mlango kwa mlango, nikaiacha taa ya ngazi ikiwaka. Nimewasikia wakiimba ghorofa ya pili. Halafu ya tatu. Halafu mlango wa chini ukajifunga. Mimi naishi ya nne.

Nimezila mwenyewe. Zinanata kwenye meno ya bandia. Nilijiimbia ubeti mmoja kwanza, nisije nikazila bila jasho.

Ijumaa, 10 Novemba

Mpango: vitendo, si maneno. Nimeingia na kitambaa changu mfukoni. Wazee walipoanza kusugua mbele, kwenye matundu ya torpedo, mimi nikaanza nyuma. Nikachagua gurudumu la vali lililo chafu kuliko yote. Jeusi tii! Nikashangaa uvivu wao. Nimelisugua mpaka nikajiona ndani yake, pua na yote.

Endel kaja. Kalitazama muda mrefu. Kisha kaniomba nisogee kidogo. Nilikuwa nimeegemea kibao. Kibao kinasema gurudumu hili limeachwa na uchafu wake wa tangu vita, ili wageni waone tofauti.

Kasema, "Sasa linang'aa."

Ni hayo tu. Katika kinywa cha mtu mwingine ningejua kama ni sifa au tusi. Vambola aling'oa kile kibao kwa bisibisi yake ndogo ya saa, taratibu, akifurahia kila skrubu. Akanipa. "Kaweke nyumbani, mzee."

Sikuiona supu ikija. Nilikuwa nimeshapanda tramu.

Jumapili, 12 Novemba

Siku ya Baba. Binti yangu Kärt kapiga simu kutoka Oslo. Kaniuliza kama natoka nje. Kaniuliza kama nina mtu wa kuzungumza naye. Nikajibu kwamba Ijumaa zangu zimejaa: marafiki, supu, vicheko. Vicheko niliongeza tu, havigharimu kitu.

"Kweli, Baba? Una watu?"

Tele, nikasema. Wengine nawakwepa.

Nikamsikia akishusha pumzi. Kasema basi moyo wake umetulia, maana alikuwa anajilazimisha kuja Krismasi, na wenzake wanaenda Hispania. Sasa anaweza kwenda nao. Nikamwambia aende, kuna jua kule. Nikamwambia hata mimi nitakuwa na shughuli.

Simu ilipokatika nilisimama dirishani. Jirani wa mbele alikuwa anakunjua meza ili itoshe watu.

Hakuna namna. Lazima nikipate kile kiti kabla ya Krismasi. Nimetaja supu; supu ipatikane.

Jumanne, 14 Novemba

Mpango: kummaliza Vambola. Nimesikia ameanza kumletea Endel jamu ya tofaa. Hongo mchana kweupe! Nimemfuata Endel kwenye chumba cha mitambo, katikati ya zile injini mbili ambapo mtu hupita kwa ubavu. Nikamnong'oneza, kwa masikitiko, kwamba Vambola anaogopa sehemu finyu, na si vizuri mzee wa watu akizimia juu ya njegere.

Endel akafuta mikono. Kasema hata yeye alikuwa anaogopa. Sasa anachoogopa ni nyumbani kwake. Tangu mkewe afe pamekuwa papana mno.

Nikasema injini ni nzuri. Akasema ndiyo, nzuri.

Tulisimama pale. Bega lake lilikuwa limenigusa. Mahali penyewe hapana nafasi ya kufanya vinginevyo. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu asiye kinyozi kanigusa bega. Kwa hakika nilipoteza muda. Mpango haukusonga hata kidogo.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimepata siri! Gazeti la bure, kiti cha nyuma cha tramu. Mtaalamu fulani anasema anayetaka kupendwa asionyeshe kutaka. Watu hukimbilia anayewapa kisogo. Nimekata ukurasa nikaubandika kwenye mlango wa friji, karibu na kibao cha gurudumu.

Kosa langu lote ndilo hilo. Nimekuwa nikionekana na njaa.

Ijumaa, 17 Novemba

Nimekunywa chai tu asubuhi, ili supu inikute tayari. Nikasimama karibu na kamba, mgongo nimewageuzia, nikikagua mabomba kama mtu mwenye pengine pa kwenda. Asta akateremsha sufuria kwa kamba kupitia kilango cha juu. Harufu ya njegere na nyama ya kuvuta moshi ikajaa nyambizi nzima, mbele mpaka nyuma. Tumbo likanguruma. Nikakohoa kulifunika.

Endel kaifungua kamba ya wageni kwenye ndoano yake. Kaniangalia.

"Heldur. Supu ipo."

Alinijua jina! Na kwetu hakuna mwaliko mkubwa kuliko huo. Mtu hukaribishwa mara moja, kwa maneno machache. Anayerudia anaonekana anakushika shati. Najua. Nilizaliwa hapa. Lakini nikakumbuka friji.

"Asante," nikasema. "Nimeshiba."

Nikangoja mara ya pili.

Endel akaitikia kwa kichwa. Kwa heshima kabisa. Akairudisha kamba kwenye ndoano. Vambola, aliyeulizwa baada yangu, alishaketi kabla neno supu halijaisha.

Nikabaki pale. Kuondoka haraka kungeonyesha kwamba nimeumia. Walikunywa. Vijiko, mkate mweusi, magoti. Masharubu ya Vambola yalikuwa na njegere moja na hakuna aliyemwambia. Ndivyo walivyo wenye kuzoeana. Mtalii mmoja akaniomba nisogee awapige picha. Nikasogea. Halafu akanipiga na mimi, akidhani mimi ni sehemu ya maonyesho.

Nyumbani nimekula kilu, dagaa wetu wa chumvi, na yai. Kilu wa kopo, wamelala humo ubavu kwa ubavu, hawakosi mwenza.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimepita makumbusho, kwa bahati tu. Asta akaniita dirishani. Uso wake haukuwa mzuri.

"We mwanamume, una nini? Endel kauliza kama umeugua."

Nikasema mimi mzima.

"Basi kwa nini ulikataa? Alibeba kiti cha kukunja kutoka kwake, kwenye basi, na theluji ile. Kiti cha kwenye roshani. Cha mkewe. Kasema meza inatosha mtu mmoja zaidi, mkibanana."

Nikauliza kiti kiko wapi sasa. Kasema Endel amekirudisha nyumbani. Hakutaka kunisumbua, alisema, kama nina watu wangu.

Nimetembea mpaka nyumbani, tramu sikuipanda. Nilitaka kufikiri. Upepo wa bandarini ulinitoa machozi, ni mkali mno mwezi huu.

Nimefika. Nimevua viatu. Nimekaa. Nimefikiri.

Kiti cha mkewe! Kwenye basi! Mtu habebi kiti kwenye theluji kwa ajili ya yeyote tu. Huyo tayari nimemshika. Nimekataa mara moja tu, na tayari anauliza habari zangu. Mtaalamu yule ni kiboko! Kilichoniangusha ni kusema asante: nililegeza kukataa kwangu. Na nilichelewa, nikamwacha amalize kusema.

Ijumaa ijayo nitakataa kabla hajaniuliza.